Kahawa Iliyoonjwa

Mama wa mapokezi katika hoteli ninayoshushia watalii pale Kayanga ana mkono mmoja usiotoka kwenye kikapu cha akamwani, kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na kukaushwa. Tangu hifadhi zetu zianze kujaza wageni, akina mama wa Ihembe wanaomletea kahawa hiyo wameezeka bati. Kila mgeni akishuka, mama hutafuna punje moja mbele yake, ndipo humpa, asije akala kwa wasiwasi. Bibi yangu kule Kaisho alifanya hivyohivyo.

Mwaka huu meneja ameleta vipakiti vyenye nembo. Eti ndio usafi. Mama akajibu, "Sawa, bosi." Jana nilishusha Wajerumani sita. Alichana kila pakiti, akatafuna punje moja, ndipo akampa mgeni. Wakacheka, wakampiga picha, wakaingia ndani. Mimi nikabaki nimeegemea gari, kama madereva wote. Nikamwona anakuja, bado anatafuna, na pakiti ya saba mkononi, imeshachanwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umetoka mbali."

Tangu tumzike bibi, hakuna mtu aliyekuwa amenionjea.