Mbuzi Tuliyekwisha Kumla

Miaka ile ya vita, mji wetu wa Butembo ulikuwa mikononi mwa waasi, lakini mahakama ilifunguliwa kila asubuhi. Hadi leo nikilifikiria hilo nachoka. Waliochinja watu huko upande wa Beni hakuna aliyewauliza kitu. Aliyeulizwa ni jirani yetu wa shamba.

Alikuwa amemkata baba mkono wa kulia kwa panga, kwa ugomvi wa mpaka. Vidole vitatu havikukunjika tena. Bandeji haijatoka, jirani akaja nyumbani na mbuzi ambaye alikwenda kumnunua mbali, mpaka Kipese, akapiga magoti mbele ya familia zote mbili na kukiri kwamba alikusudia. Tukamla mbuzi pamoja. Kwetu, mkishakula mbuzi wa namna hiyo, neno lile halitajwi tena, hata mkilewa.

Ila muuguzi aliyemtibu baba alikuwa ameshapeleka ripoti polisi, na wiki ile ile jirani akakamatwa. Baba akaenda mahakamani kumtoa, nami nikamsindikiza. Jaji, mtu wa mkoa mwingine mwenye koti lililochakaa viwiko, alitusikiliza huku akipiga miayo.

“Papa, fidia ni yako, unaweza kuiacha. Lakini kukata mutu kwa kusudi ni kosa la Leta, la serikali. Leta hapana kula ile mbuzi.”

Watu wakacheka. Mimi nilimchukia, hasa kwa sababu alisema kweli.

“Sasa uniambie,” akaendelea, “alifanya exprès, kwa kusudi, ao ilikuwa accident? Kama ni accident, anarudia kwake leo.”

Baba, ambaye hata sokoni hakujua kudanganya, aliinua ule mkono na kumwapia jaji.

“Panga iliteleza, Président. Kulikuwa matope.”

Tungerudi watatu. Lakini jirani akasimama kizimbani.

“Hapana kuteleza! Nilimukata kwa kusudi. Kama iliteleza, ile mbuzi nilileta kwa kuomba nini?”

“Nyamaza, wee!” baba akafoka.

Hakunyamaza. Akahukumiwa miaka miwili.

Njiani baba alikuwa na hasira kuliko siku aliyokatwa. Alimwita mjinga mpaka tukafika mlangoni. Lakini gerezani mtu alikula alicholetewa na watu wake, na mke wa jirani alikuwa ameshakimbia vita. Basi kila Jumamosi baba alimpelekea bugali na maharagi, sufuria ameishika kwa mkono wa kushoto.