Salum na Mayai Kumi na Moja ya Mama Kubwa

Ukiwauliza Watanzania waliokuwa Doha miaka ile ni nani aliyejua kila kitu, wengi watakutajia Salum Shemdoe, dereva wa nyumba moja ya mtaa wa Abu Hamour. Ukiwauliza ni kitu gani alichowahi kukianza akakimaliza, wataanza kukuna vichwa. Alikuwa fundi wa magari ambaye hajawahi kufungua injini, na bingwa wa mikataba ya kazi aliyeutia sahihi mkataba wake mwenyewe bila kuusoma. Watu wa aina hii hawasemi uongo kwa uovu. Wanausema kwa uvivu. Kujua kunataka ukae na kitu siku baada ya siku, na kusema kunataka mdomo tu.

Mwaka 2013 mambo yalimgeukia. Vijana wawili wa nyumba ile walipata leseni, wakanunuliwa magari, na kazi ya kumpeleka mama yao huku na huko ikawa yao. Salum akabaki kuosha magari yaliyo safi. Mama huyo, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Kubwa, alikuwa anajiandaa kuhamia shamba la familia kaskazini mwa nchi, na alihitaji mtu mmoja wa kusimamia mabanda ya kuku. Salum alijua hesabu ilivyokaa: shamba, au tiketi ya kurudi Muheza.

Wakati huo huo paka alimuua kuku ambaye Mama Kubwa alimpenda kuliko wote. Mayai yake kumi na matatu yalikuwa yamekusanywa ili ayaatamie. Kijana mmoja akaleta mashine ndogo ya kutotolesha, na Mama Kubwa akasema mbele ya wafanyakazi wote, "Atakayenipa vifaranga wa kuku huyu ndiye nitakayekwenda naye shamba."

Salum aliinua mkono kabla sentensi haijaisha.

Mashine iliwekwa katika chumba cha kupigia pasi, Jumamosi asubuhi. Salum aliichomeka kwenye umeme, akaipiga picha, akaondoka. Aliyebaki kusoma karatasi ya maelekezo ni Hidaya, mpishi, mwanamke wa Pemba mwenye maneno machache. Kiarabu alikisoma vizuri, na asipoelewa aliwauliza vijana. Akagundua kwamba mashine ile inapima joto tu, haipimi unyevu wa hewa. Siku yake ya mapumziko akaenda madukani mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, akanunua kipimo kidogo cha mviringo, akakiweka ndani kando ya mayai, mahali kinaposomeka kupitia kidirisha cha kifuniko. Tangu hapo akawa anaandika namba mbili katika daftari, asubuhi na jioni, na anayageuza mayai kila apitapo.

Siku ya saba alizima taa akayamulika kwa tochi. Salum alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Kumi na moja yana mishipa," Hidaya akasema. "Haya mawili meupe, hayana kitu. Njoo utazame, kaka Salum, kazi ni yako hii."

"Mimi nimezaliwa kwenye kuku, Bi Hidaya. Yai nalijua kwa kulishika."

"Basi lishike hili uniambie."

Salum akalishika, akalipima kiganjani, akafumba macho kidogo. "Hili zima."

"Hilo ni mojawapo ya yale meupe," Hidaya akasema, akalipokea na kuliweka pembeni. Kisha akachukua penseli, akachora mstari kwenye kila yai lililobaki, pale nafasi ya hewa ilipoishia upande ulio butu.

Siku ya kumi na nne mistari ile ilimpa jibu. Nafasi ya hewa ilikuwa imepanuka kupita kiasi. Mayai yalikuwa yanapoteza maji haraka, kwa sababu kiyoyozi cha chumba kilikausha hewa, na kipimo cha unyevu kilisoma asilimia thelathini na mbili badala ya arobaini na tano. Hidaya akaongeza chombo cha pili cha maji na kitambaa kibichi, akakigeuza kiyoyozi kisipulizie mashine. Salum alipoona kitambaa akacheka.

"Unawaogesha? Kuku wa kwetu Muheza nani anamwekea maji? Na Doha hii nje jasho tu, unyevu umejaa."

"Nje, kaka. Mayai yako ndani."

Siku tatu baadaye nafasi ya hewa ilikuwa imeacha kupanuka kwa kasi. Siku iliyofuata Hidaya akaacha kuyageuza, akapandisha unyevu hadi sabini, akamwambia Salum neno moja tu alilotaka alishike: kuanzia sasa kifuniko hakifunguliwi mpaka vifaranga wakauke. Kifaranga akishatoboa ganda, hewa kavu ikimpata, utando wa ndani unamgandia mwilini, hageuki tena. Salum akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote. Jioni akampelekea Mama Kubwa taarifa kwamba ameyaokoa mayai.

Ijumaa, siku ya ishirini, Hidaya alikuwa jikoni, nyumba ina wageni. Baada ya swala wakaja wageni wa Salum pia: Reuben, fundi bomba, na Mutai, mlinzi Mkenya, pamoja na wanaume wengine watano kutoka kambi za wafanyakazi za Industrial Area. Wiki nzima walikuwa wamesikia habari za mayai. Wakajazana katika chumba cha pasi, na kwa kuwa walikuwa wakitokwa na jasho, Salum akakishusha kiyoyozi mpaka nyuzi kumi na nane.

Mayai mawili yalikuwa yameanza kutoboka. Sauti nyembamba ilisikika ndani.

"Mzee, hiyo ni kuku ama ni simu yako?" Mutai akauliza. Wenzake wakacheka.

"Ni kuku."

"Si ufungue tuone. Ama umetuita tuangalie boksi?"

Hapo ndipo mtu hupimwa. Salum alilikumbuka neno la Hidaya, tena vizuri sana. Lakini mbele yake walikuwa wanaume saba waliomwita bingwa, na kuwaambia "nimekatazwa na mpishi" kulimshinda. Akafunua kifuniko. Akachukua yai moja likapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu akaliweka sikioni. Reuben akarekodi. Wakazungumza habari za kuku, kisha za mishahara, kisha za mpira. Kifuniko kilikaa wazi zaidi ya nusu saa. Hidaya alipokuja kusoma kipimo alikuta wametoka, kifuniko kimerudishwa upande upande, kipimo kinasoma ishirini na tisa. Akaiandika namba ile, akaleta maji ya moto, akayatia chomboni, akafunga.

Wakatoka vifaranga watatu. Wanane hawakutoka.

Jumatatu Mama Kubwa aliletewa mayai manane kwenye sinia. Alikuwa amefuga kuku kabla Salum hajazaliwa. Akapasua moja kwa kidole gumba, taratibu. Ndani kulikuwa na kifaranga kamili, ana mdomo, ana kucha, na utando umemkaza kama karatasi iliyokauka.

"Huyu alikuwa tayari," akasema. "Nani alifungua?"

"Mama, mayai yalikuwa dhaifu," Salum akasema. Akaona halitoshi. "Na Hidaya kila saa alikuwa anatia maji, anafungua, anatia maji. Nilimkataza."

Hidaya alimtazama. Salum akayaepuka macho yake.

"Kazi ilikuwa yako," Mama Kubwa akamwambia. "Ijumaa, siku walipoanza kutoboa, unyevu ulisoma ngapi?"

Salum akafikiri. Namba moja aliifahamu, ilikuwa inawaka juu ya mashine wiki zote tatu.

"Thelathini na saba na nusu, Mama."

"Hilo ni joto, kaka Salum," Hidaya akasema kwa upole. Akaweka daftari mbele ya Mama Kubwa, akafungua ukurasa wa Ijumaa: sabini asubuhi, ishirini na tisa alasiri. Mama Kubwa akakisogeza kidole juu ya namba, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akalifunga. Hakugomba. Akamuuliza Hidaya kama yuko tayari kwenda shamba, na Hidaya akauliza kama huko chumba cha kuku kitakuwa na ufunguo.

Tiketi ya Salum ilikatwa ya mwezi uliofuata. Ijumaa ya mwisho wenzake walikuja kumuaga, na Mutai akauliza vifaranga waliishia wapi.

"Mashine ya Kichina ile," Salum akasema. "Na mwanamke aliyapoza mayai kwa maji. Mimi nikipata mashine ya maana pale Muheza, nakutotoleshea vifaranga elfu kwa mwezi, bila vipimo vyao."

Mutai akacheka, akanyanyuka kwenda kutafuta chai. Reuben hakucheka. Yeye ndiye aliyeshika simu akirekodi, kifuniko kikiwa wazi nusu saa, na aliyaona yote kwa macho yake. Lakini alikuwa na akiba ya miaka minne, na mkewe alikuwa akimwuliza waitumie kuanzisha biashara gani. Akakaa karibu zaidi na Salum, akamwomba namba yake ya Tanzania, wazungumze habari ya hao vifaranga elfu.