Weupe wa Ubavuni

Asubuhi za Kanamkemer, pale Lodwar, zilinukia moshi wa kuni za mathenge, ule mti wa miiba, na mchanga uliopoa usiku kucha. Mwaka 2012 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikiishi na shangazi yangu Akai, mwalimu wa shule ya msingi, aliyenichukua mama alipofariki. Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, tulipanda kilima cha mawe nyuma ya nyumba kutazama ndege. Yeye alivaa darubini shingoni, mimi nilibeba daftari.

Aliowapenda zaidi ni ndege wadogo wenye milia myeusi na myeupe kichwani. Kati yao, yule wa kifua cha kahawia hakutusumbua. Waliotusumbua ni wawili wa kifua cha manjano, wanaofanana kama mapacha. “Usiangalie kichwa, kitakudanganya,” shangazi alinifundisha. “Angalia ubavu. Huyu wetu wa ukame ana ubavu mweupe, na manyoya ya mgongo yana kingo nyeupe kama magamba ya samaki. Yule wa nyanda za juu ubavu wake ni wa kijivu.”

Msimu ule shangazi akaanza kuniambia nimwandike yule wa nyanda za juu, hapo hapo kilimani kwetu. Alifurahi mno, aliwasimulia walimu wenzake, akapanga kumpelekea mtafiti mmoja daftari lile. Nami kila nilipopewa darubini niliona ubavu mweupe kabisa. Nikasema, “Ndiyo, shangazi,” nikaandika alivyotaka. Nyumba ile ndiyo pekee niliyokuwa nayo, na niliogopa kumuudhi mwenye nyumba.

Jumamosi ya nne ndege alitua karibu sana, hata bila darubini nilimwona vizuri. Shangazi akasema, “Kijivu.” Kalamu ikanigomea.

“Ni mweupe, shangazi,” nikasema. “Na wale wengine wote walikuwa weupe.”

Akanigeukia. “Mgongo je?”

“Una magamba.”

Akachukua daftari, akakata mistari yote mitatu ya Jumamosi zilizopita. Kisha akaketi juu ya jiwe na kuniambia kwamba tangu mwaka uliopita macho yalimwasha kama yametiwa mchanga, na kila kitu cheupe alikiona kichafu. Hakuwa amemwambia mtu.

Mapema 2013 tulikwenda Kakuma, kulikokuwa na madaktari wa macho. Kope zake zilikuwa zimegeukia ndani, zikimkwaruza jicho. Walipomwingiza chumba cha upasuaji nililia nje, na mama mmoja muuza chai, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, akanivuta kwenye benchi lake.

“Usilie. Mama yako natoka sasa hivi.”

“Si mama yangu. Ni shangazi.”

“Nani nakulisha?”

“Yeye.”

“Basi,” akasema, akanimiminia chai.

Kukwaruzwa kulikoma, ila uoni uliokwisha kupotea haukurudi. Shangazi alifundisha miaka mingine sita, mimi nikimsomea maandishi madogo, na hakuna siku aliyonifanya nijute kusema.

Leo nina watoto wawili, na nyumba ni yangu. Wanaponiambia nimekosea, kwanza hukasirika kidogo. Kisha huketi chini nilingane nao kimo, na kuwauliza wameona nini.