Uyoga Uliopitishwa na Simu

Mimi ni karani wa baraza la kata hapa Kilosa, na kesi zetu nyingi ni za ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya watu. Sijawahi kuona ng'ombe akiitwa ajitetee. Laiti ningelikumbuka hilo mapema, masika yale mama mkwe aliposhuka kutoka milimani Vidunda kututembelea.

Nilitaka anione mwanamke wa maana. Nyuma ya nyumba uyoga ulikuwa umeota, mweupe, umenona. Sisi wa mjini uyoga hatuujui, ila simu yangu ina programu ya akili mnemba: unapiga picha, inakujibu. Ikanijibu kwamba unaliwa. Nikauunga kwa karanga, harufu ikafika hadi kwa jirani. Kwetu mpishi huonja mbele ya mgeni, lakini ilikuwa Alhamisi na nilikuwa na funga ya sunna. Nikamtengea peke yake, bila kuonja.

Kabla ya alasiri mama alikuwa zahanati, ametapika mpaka macho yameingia ndani. Niliogopa kufa kwake, na niliogopa vilevile kwamba akipona hatakula tena mkononi mwangu.

Dripu ilipomtuliza, mume wangu akaniuliza pale pale kwenye benchi kosa ni la nani. Nikaanza maneno ya baraza: la aliyeitengeneza programu, la aliyeifundisha, la aliyeniuzia simu! Yeye akanionyesha maandishi madogo chini ya jibu, kwamba majibu yanaweza kuwa na makosa. Sikuwahi kuyasoma.

"Ng'ombe akila mahindi unamwandika nani?"

"Mwenye ng'ombe."

"Na simu hii ya nani?"

"Simu yangu, akili si yangu!" nikafoka, hadi nesi akageuka.

Mama akafumbua macho. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, mama. Simu ilisema unaliwa."

"Niliutilia shaka tangu kwenye bakuli," akasema taratibu. "Kule mlimani ule hatuli."

"Sasa mbona ulikula?"

"Simu yako siijui, mwanangu. Nilikula kwa kuwa umepika wewe."

Nililia kama mtoto. Sheria zote zilinitoka kichwani.

Asubuhi nikampelekea uji, nikakaa mbele yake, nikanywa kijiko cha kwanza mimi. Alinitazama mpaka nikameza, ndipo akapokea kikombe.