Mama amepongezwa kwa kuacha kupungua

Leo jirani amempongeza mama kwa kuacha kupungua, na mimi nimemwangusha mama mbele ya watu.

Mwaka jana mama alifanyiwa upasuaji Dar wa kupunguza tumbo, kwa sababu ya unene. Alipungua sana. Ila tangu Pasaka uzito umegoma, na hilo linamnyima usingizi.

Leo tulipeleka mpunga mashineni. Mama akapanda kwenye mizani ya magunia. Kilo zilezile.

Jirani yetu Mama Sesi akafurahi kwa dhati. "Mungu mkubwa, umeacha kukonda. Jumuiya nzima tunakuombea."

Akanigeukia. "Dawa anameza vizuri, mwanangu?"

Nilijua anawaza ugonjwa gani. Dawa zenyewe ni vitamini tu.

(Mnanijua, mbele za watu sauti inanikauka.)

Nikasema, "Ndiyo, shikamoo."

Shikamoo ya nini pale, hata sijui.

Mama akashuka kwenye mizani. "Ni vitamini, Mama Sesi. Nilipasuliwa tumbo ili nipungue, na sasa uzito umegoma."

Mama Sesi akaitazama mizani.

"Kwa hiyo tuache kuomba?"

"Msiache. Ombeni mizani ishuke."

Wakacheka wote, na mama pia. Mimi nilikuwa naangalia pumba.

Njiani akaniuliza taratibu, "Yaani uliona afadhali niwe mgonjwa kuliko wajue nilipasuliwa kwa unene?"

Sijamjibu hadi sasa. Yuko jikoni, nami niko chumbani naandika haya.

Ninyi mngeanzia wapi?