Spika na Wageni wa Msimu wa Pili

Kaka yangu wanamwita Spika. Hata mama yetu siku hizi anamwita hivyo, jina alilompa mwenyewe limebaki kwenye cheti tu. Kazi yake ni kuongea. Nyuma ya duka moja la vifaa vya ujenzi kuna chumba kirefu, kuta zimepakwa rangi nyeusi, mabenchi ya mbao, projekta imefungwa kwa waya darini, na pembeni ya shuka jeupe la kuonyeshea picha kuna kiti cha plastiki na maiki. Kile kiti ni cha Spika. Picha ikianza, anawasemea wote waliomo, kwa Kiswahili, palepale. Shujaa ni yeye, adui ni yeye, bibi anayelia ni yeye, na mbwa akibweka ujue ni yeye.

Mimi nakaa nyuma kwenye kompyuta. Nashusha picha, nazipanga, nachunga maiki isipige mluzi. Shule tuliachana kidato cha pili, hatukugombana, tulichokana tu. Mimi kukaa sehemu moja ni adhabu, nimeshafanya kazi nyingi na zote nimeziacha. Ila hapo nyuma ya Spika nilikuwa sichoki, maana hata mimi sikujua atasema nini.

Chumba chenyewe ni cha mama mmoja tunamwita Bosi. Anakaa mlangoni na mkoba mapajani, anapokea viingilio, kucheka kwake ni kwa msimu. Yeye ndiye aliyemtoa Spika sokoni. Zamani Spika alikuwa anauza mitumba, anasimama juu ya meza anainadi suruali moja mpaka unaiona inatembea yenyewe. Bosi alikwenda kutafuta pazia, akarudi na suruali tatu ambazo hazimtoshi mtu yeyote kwake. Kesho yake akarudi sokoni. Spika akajua anakuja kurudisha mzigo, akaanza kujitetea. Bosi akamwambia, "Suruali achana nazo. Mimi nautaka huo mdomo."

Spika ana tabia moja, haangalii picha kabla. Anasema ukishajua mwisho mdomo unakuwa mvivu. Anasoma yale maandishi ya Kiingereza chini ya picha mbiombio, na Kiingereza chenyewe ni cha kusukuma. Kinapoishia, anamwangalia mtu wa kwenye picha usoni na kuendelea kwa akili yake. Watu wanajua, na ndicho wanachokipenda.

Sasa kuna hii anime, katuni ya Kijapani, ya walinzi wa lango la mji ulioko mawinguni. Majina yao ya Kijapani hakuna aliyeyaweza, Spika akawabatiza upya. Kijana shujaa akawa Nywele Nyeupe. Mwalimu wake akawa Jicho Moja. Yule binti wa upinde akawa Dada Mishale. Msimu wa kwanza wote Spika aliishi nao. Shemeji yangu, mke wake, alikuwa akilalamika, "Mume wangu akiniomba chumvi anatumia sauti ya Jicho Moja. Nampa chumvi huku naogopa." Siku Jicho Moja alipokufa, sauti ya Spika ilikatika kwenye maiki, na mabenchi yote yakaanza kuvuta kamasi. Fundi Viatu, pande la mtu, mpenzi wa anime kuliko wote mtaani, alitoka nje akajifanya kapigiwa simu. Simu yenyewe ilikuwa benchini.

Msimu wa pili ukaja. Miaka imepita huko mawinguni, Nywele Nyeupe hayupo na hakuna anayesema yuko wapi. Badala yake kuna binti asiyecheka, kuna kijana mnene mwoga, na kuna mtu mmoja wa kinyago, anasimama juu ya ukuta na koti refu, hazungumzi ila kwa nadra.

Siku ya kwanza Spika alipapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Yule binti alimpa sauti ya kuku, akabadilisha, akampa ya mwalimu wa kwaya. Yule mnene akawa anakohoa tu. Watu walicheka pasipochekesha, wakaanza kupiga miluzi, halafu ndo ule mlio mbaya, mabenchi kusogezwa watu wakitoka.

Fundi Viatu akapaza sauti, "Spika! Hawa watoto wa nani? Turudishie watu wetu!"

Baadaye nilimkuta Spika amekaa juu ya mfuko wa saruji nyuma ya duka, anakunywa maji ya moto.

"Siwajui hawa," aliniambia. "Yaani ni kama umerudi nyumbani, unakuta watu wamekalia viti vyako, halafu wao ndo wanakuuliza, karibu, unamtafuta nani?"

"Utawazoea, kaka."

"Sitaki kuwazoea! Namtaka Nywele Nyeupe."

Bosi alikuwa amesimama pale mlangoni, amesikia yote. "Mtaa wa pili kuna kijana ana picha zenye sauti ya Kiswahili tayari ndani ya flashi," akasema. "Flashi haiumwi koo. Flashi haimtaki mtu. Watu wakitoka tena, hicho kiti nakitoa nje tuanikie nguo."

Akaondoka. Spika hakumaliza yale maji. Sokoni ile meza yake ilishachukuliwa zamani, na kazi nyingine ya kuuza mdomo hakuna aliyemwonyesha.

Siku iliyofuata picha ilianza, na baada ya muda kidogo nikausikia ule mlio wa mabenchi tena. Benchi la mwisho lilikuwa limeshasimama. Pale kwenye shuka, mtu wa kinyago alikuwa juu ya ukuta, upepo unavuta koti. Maandishi chini yalisema kitu kama usiku wa leo baridi. Nikamwona Spika anageuza shingo kuwatazama wanaotoka. Akashika maiki kwa mikono miwili. Na ile sauti ya Nywele Nyeupe, ile yenyewe, ikatoka taratibu: "Walidhani nimekufa."

Chumba kililipuka. Waliosimama wakakaa, wengine wakakaa juu ya wenzao. Fundi Viatu alimkumbatia jirani yake mpaka jirani akaomba mbavu zake zihurumiwe. Spika akanogewa, akaendelea: kwamba amejificha, kwamba anawalea hawa watoto kwa siri, kwamba siku moja atakivua kinyago. Mimi huku nyuma nilipigwa butwaa, maana hakuna hata neno moja lililoandikwa hivyo. Lakini niseme ukweli, na mimi nilifurahi.

Mtaa ulijaa hiyo habari. Kinyozi aliisimulia huku akimnyoa mtu, akamwacha na upara nusu. Watu ambao hawajawahi kuona anime wakauliza Jumamosi mlango unafunguliwa saa ngapi.

Asubuhi yake nikafungua sehemu ya Jumamosi nijaribu sauti. Nikaisogeza mbele kidogo. Mkono wa mtu wa kinyago ukapanda nyuma ya kichwa, ukafungua kamba. Kinyago kikaanguka. Mama mtu mzima! Mvi, kovu shavuni, macho makali kama mkuu wa shule. Akaongea, nikasoma, nikazima kompyuta nikaenda kwa kaka mbio.

Nilimkuta chumbani kwao, shemeji anakunja nguo kitandani.

"Kaka, kinyago kinavuliwa Jumamosi."

"Safi!"

"Si safi. Ni mwanamke. Ana umri wa mama."

Spika alikaa juu ya nguo zilizokunjwa. Shemeji akalivuta shati chini ya makalio yake, akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, ila ya kwako mume wangu haijafika hata kituo."

"Nikikata hicho kipande?" nikauliza.

"Akivua, si anaendelea kutembea bila kinyago?" Spika akauliza.

"Mpaka mwisho wa msimu."

"Basi umekata nini?"

"Tuseme umeme umekatika."

"Duka la jirani redio inaimba, sisi ndo umeme umekatika?" shemeji akadakia. "Shemeji, ulitoka shule mapema mno."

Nikameza hiyo. "Kuna kingine, kaka. Anachokisema huyo mama..."

"Usiniambie!" Akaniwekea kiganja usoni. "Hicho usiniambie. Nitakutana nacho hukohuko."

Jumamosi ilikuwa jua kali. Chumba kilijaa, watu wakakaa sakafuni mpaka chini ya shuka. Bosi alikuwa mlangoni na mkoba wake, na pembeni yake, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikaa kijana mmoja mtanashati, flashi inaning'inia shingoni kwa uzi kama cheni. Spika alimwona. Akakaa kwenye kiti chake, akafuta maiki na shati ingawa ilikuwa safi.

Sehemu ikaanza. Kila anapotokea mtu wa kinyago, watu wanaimba, "Nywele! Nywele!" na Spika inabidi aendelee na sauti ileile. Niliisikia inazidi kukonda. Jasho lilimshuka mpaka kwenye kidevu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Mkono wa mtu wa kinyago ukapanda nyuma ya kichwa. Nikamtazama Spika, akatikisa kichwa: acha.

Kinyago kikaanguka.

Shingo zote zikamgeukia Spika. Halafu makelele yakaja yote kwa pamoja.

"Huyu nani?"

"Huyo mama wa nani?"

"Spika, tuambie!"

Katikati ya hayo sauti moja ikapaa kutoka nyuma, "Amerogwa! Wamemgeuza mwanamke!" Na mwingine akaitikia, "Kweli! Si mliona macho? Macho ni yaleyale!" Ghafla chumba kizima kinakubaliana. Kamba ilikuwa imerushwa, Spika kazi yake ni kuishika tu. Aseme ndiyo, wamenigeuza, na kiti chake kinabaki pale.

Akainua maiki. Yule mama kwenye shuka alikuwa anaongea Kijapani chake, polepole, na maandishi yanapita chini. Nikamwona kaka yangu anayasoma. Niliyajua yanasema nini. 

"Simamisha," akaniambia.

Nikasimamisha.

"Si yeye," akasema kwenye maiki. Kwa sauti yake mwenyewe, ambayo wengi pale hawajawahi kuisikia. "Hakurogwa. Mimi ndiye niliyewadanganya. Mlikuwa mnatoka, nami nilimkumbuka kama nyinyi, nikamtia yule kijana ndani ya kinyago cha mtu mwingine."

We! Ndala zilirushwa. Moja ilipita juu ya projekta, kivuli chake kikakatiza uso wa yule mama. Mtu akataka kiingilio chake. Benchi zima la mbele likasimama, likatoka, na wengine nyuma yao. Kijana wa flashi naye akasimama, akajinyoosha suruali.

Fundi Viatu akainuka. Nikasema sasa basi, huyu anamfuata palepale kwenye kiti.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?" Spika akauliza.

"Mimi natazama miguu, ndiyo kazi yangu. Yule kwenye ukuta anakanyagia nje. Nywele Nyeupe anakanyagia ndani."

"Sasa mbona umekuja?"

"Nilitaka kuona utatokaje." Watu wakacheka, cheko la hasira lakini cheko. Fundi Viatu hakucheka. "Haya. Huyo mama anasemaje?"

Spika akapangusa uso. "Anasema ni yeye aliyemzika. Nywele Nyeupe. Kwa mikono yake, peke yake, kwa sababu wengine wote walikuwa wameshaondoka."

Fundi Viatu akakaa.

"Rudisha nyuma kidogo," Spika akaniambia, nami nikarudisha. Safari hii hakuigiza. Hakumtafutia yule mama sauti yoyote. Alimsubiri amalize, kisha akasema alichosema, akasubiri tena. Ilikuwa kama unamsikiliza mtu anayekuletea taarifa ya msiba na hajui aanzie wapi. Kijapani cha watu tukakisikia kwa mara ya kwanza mle ndani, maana siku zote kaka alikuwa akikifunika. Niliogopa. Nilingoja ule mlio wa mabenchi. Nilisikia feni tu.

Picha ilipoisha na watu wametoka, Bosi akaja mpaka kwenye kiti, kijana wa flashi nyuma yake.

"Walioondoka ni wengi," akasema.

"Nimewaona, mama."

"Wataninunia mwezi mzima."

"Najua."

"Waliobaki wamekaa kimya. Tangu nifungue hiki chumba hakijawahi kunyamaza. Nikainuka nikaangalia, nikadhani wamelala." Akamgeukia yule kijana. "Wewe nenda. Namba yako ninayo." Halafu kwa Spika, "Kesho huyo mama ana sauti gani?"

"Bado sijamjua."

"Na yule binti asiyecheka?"

"Huyo ndo simjui kabisa."

"Basi wajue. Ukinitungia tena uongo, sitakuuliza kitu, nitampigia huyu simu." Akachukua mkoba wake akaenda.

Spika akazima maiki. Akatoka kwenye kile kiti, akaja akakaa benchi la mbele, lile lililohamwa, miguu kaitupa mbele kama mteja. "Mdogo wangu, niwekee msimu huu mwanzo. Kuanzia sehemu ya kwanza."

"Nikuletee maiki?"

"Maiki ya nini? Weka, uje ukae."

Nikaweka, nikaenda nikakaa. Yule binti asiyecheka akatokea langoni na mzigo wake, akawa anaongea na walinzi, ile sehemu ambayo kaka alimpa sauti ya kuku. Spika akainamisha shingo, kama mtu anayesikiliza ukuta wa jirani.  Akanipiga kiwiko.

"Sikia hapo anapovuta pumzi. Kumbe anaogopa huyu."