Kodi ya Chumba cha Chini

Juzi, baada ya mvua za El Nino kubomoa chumba chao, nilimsindikiza mjukuu wangu Mwanaisha kutafuta kingine Makadara. Alipoomba kodi ipunguzwe, mama mwenye nyumba akamtazama Rukia, binti wa Mwanaisha, akauliza, "Huyu ajua kufua?"

Hapo nikasikia harufu ya ubani, na ubani haukuwako.

Ilikuwa alasiri kama ile, nami mdogo kuliko Rukia. Baba alikuwa amekufa. Mamangu, Fatuma, aliketi mkekani kwa mwenye nyumba wetu, Bi Salama, Mji wa Kale, akimbembeleza. "Nipunguzie kodi, bibi, mimi ni mjane."

Bi Salama alikuwa akifukiza nguo zake kwa ubani. Akamkazia macho dada yangu Zuhura. "Mwache huyu huku juu nimlee. Nitakushushia nusu."

Mama akasema, "Haya, bibi."

Zuhura akapewa halua. Nililia kwa wivu, nikavuta buibui la mama. "Na mimi je?"

"Nyamaza wewe!"

Sisi tukakaa chumba cha chini. Zuhura hakwenda tena chuoni kusoma Kurani. Kila asubuhi nilimsikia akisugua sakafu juu ya vichwa vyetu, nikidhani anacheza. Maji machafu yalitudondokea, na mama akayafuta.

Kwa hiyo kabla Mwanaisha hajajibu, nilimshika Rukia mkono. "Hajui kufua," nikasema.

Rukia akafura. "Nyanya, mbona najua!"

Nikamkaza mkono zaidi, nikamwambia mwenye nyumba tutalipa kodi yote.